Walokole wenzangu, kwa nini siri uliyompa dada wa kanisani inakurudia kwa mdomo wa mtu wa nne?

#1 DadaMukono (mleta uzi)
Bwana asifiwe wapendwa. Kuna jambo linanisumbua, na nalileta hapa kwa sababu humu tumo wa makanisa mengi.

Tunasali na mwanamke mmoja, jina silitaji. Nyumbani kwake mambo yaliharibika, mambo makubwa, na sisi tunaokaa naye kwenye seli, kikundi chetu kidogo cha maombi, kila Jumatano hatukujua lolote. Aliyejua ni jirani yake Mwislamu wanayeuza naye mitumba soko la Owino, Kampala. Huyo ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyelala na watoto wake. Tulipokuja kupata habari nikamwuliza, dada, mbona hukutuambia sisi? Akanijibu bila hasira yoyote: "Ningewaambia mngeniombea, na kesho yake Mukono nzima ingekuwa inaniombea."

Jibu hilo limenikaa rohoni. Dai langu ni kwamba kanisani mwanamke anafundishwa kuomba, kufunga, kutoa, kumheshimu mume, hata kupika kwenye harusi ya mwenzake. Kulitunza neno la mwenzake hakuna anayemfundisha. Mtu anakuwa na madada katika Kristo kanisa zima, na hana hata mmoja wa kumwambia kinachomliza usiku. Nawauliza, tatizo liko wapi hasa? Na wewe ambaye wenzako wanakuamini, unafanyaje?

#2 Nyota_ya_Jinja
Amina dada. Mimi nasema chanzo ni makundi ya maombi ya WhatsApp. Saa nne usiku unaona: "Wapendwa, tusimame na dada yetu N. anayepita kwenye moto wa ndoa, mume amehama nyumba." Kundi zima lina akina N wawili, na mmoja ni mjane. Hapo umeficha nini? Zinafuata "Mungu amwonekanie", "pole yake", halafu pembeni watu wanaanza kutumiana ujumbe: ni nani huyo, ni yule wa kwaya?

Kwetu tulikata shauri. Ombi la mtu linaletwa na mwenyewe. Kama hawezi, anayelileta aseme wazi kwamba ameruhusiwa. Na maelezo yaachwe. Ukisema "kuna dada ana mzigo" imetosha, Mungu anaijua nyumba yake na namba ya mlango. Tulipoanza utaratibu huo maombi yetu yalifupika sana, ndipo tukaona kilichokuwa kinayajaza.

#3 Mzee_wa_Malaba
Habari zenu mabinti. Naona mnailaumu simu, lakini hili lina mizizi mirefu kuliko simu. Mama yangu alikuwa mlokole wa wale wa zamani. Uamsho wa walokole hapa Afrika Mashariki ulianzia kwa Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, yule daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakakaa na Biblia na maombi. Moto ukawaka Rwanda, ukaingia Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ukafika mkutano mkubwa wa Kabale wa 1945, halafu Kenya na Tanganyika. Moyo wake ulikuwa kutembea nuruni. Mtu anasimama mbele ya ndugu na kutaja alichoiba, aliyemchukia, aliyezini naye. Kufichaficha kulionekana ni giza.

Kwa hiyo mwanamke aliyelelewa kwenye ushirika wa namna hiyo anaona kuficha jambo ni dhambi. Hamsengenyi mwenzake kwa ubaya, anadhani anamtoa gizani.

#4 Binti_Kigezi
Mzee shikamoo. Naomba nikurekebishe mawili. Mkutano wa kwanza wa Kabale ulikuwa 1935. Wa 1945 ulikuwa wa kuadhimisha miaka 10, na desturi ya kukutana kila baada ya miaka 10 imeendelea.

La pili ndilo kubwa. Wazee wale waliungama dhambi ZAO. Bibi yangu alikuwa kwenye ushirika huo kijijini kwetu, na alitusimulia mara nyingi: mtu akisimama akaanza "mimi na mama fulani tulikuwa...", ndugu walimkatiza hapohapo, "Sema yako." Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi. Hakuna mahali imetutuma kuungama za jirani. Walichoacha wale wazee kilikuwa kizuri. Sisi tumechukua kusema hadharani, tukaacha ile sehemu ya kujisema mwenyewe.

#5 Mzee_wa_Malaba
Marahaba binti. 1935, sawa, bibi yako alikulea vizuri. Ila sikubali kwamba mpaka ulikuwa safi hivyo. Aliyezini hakuzini peke yake. Akiungama yake, kijiji kizima kinahesabu vidole na kumpata wa pili. Niliyaona hayo nikiwa mtoto. Kuna mama mmoja kwetu alihama kwa sababu ya ungamo la mwanamume aliyeokoka, na yeye hakuulizwa kama yuko tayari.

#6 Binti_Kigezi
Hilo la kuhama nalikubali, linauma. Sina jibu lake.

#7 MkeWaMwalimu
Bwana Yesu asifiwe. Mimi nitasema jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimyakimya. Namwambia mume wangu. Tumekuwa mwili mmoja, sina chumba moyoni mwangu ambacho yeye haingii. Kwa hiyo rafiki anaponiambia jambo, ajue amewaambia watu wawili. Sioni hapo kama nimetoa siri.

#8 DadaMukono
Mama, kwa heshima, je, rafiki huyo anajua? Umemwambia kabla hajafungua mdomo kwamba mwalimu atasikia? Mimi nikikueleza habari za tumbo langu la uzazi, halafu Jumapili mume wako ananisalimia kwa sauti ya huruma, nitatamani ardhi inimeze.

#9 MkeWaMwalimu
Wengine wanajua, wengine sijawaambia. Lakini mume akiniuliza "mbona leo umenyamaza, mgeni wako alikuwa na nini?", unataka nimwambie uongo?

#10 Nyota_ya_Jinja
Si uongo. "Baba Samweli, ni jambo la rafiki yangu, nimeombwa nilikalie." Mume mwenye hekima anaelewa, na ataelewa pia kwamba na yake unayakalia hivyohivyo.

#11 KijanaWaBweyogerere
Nimesoma kimya, sasa siwezi tena. Kwani mnadhani wanaume hatusemi? Njooni kwenye kibanda cha mpira, au pale wazee wanapozunguka chungu cha pombe ya malwa na mirija yao. Ndoa za mtaa mzima zinachambuliwa kabla ya nusu ya mchezo. Mzee wa Malaba shahidi wangu, huko mpakani malwa haijaisha!

#12 Mzee_wa_Malaba
Kijana, mimi nimeokoka tangu kabla hujazaliwa. Malwa unaijua wewe. Ila kuhusu wanaume umesema kweli.

#13 Muuguzi_Mbarara
Habari zenu. Naongea kama muuguzi na kama mama wa kanisa.

Ugonjwa ndio ulioifundisha nchi hii kutunza siri. Wakati Ukimwi unaua watu na majirani wanakimbia misiba, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, mwaka 1987, baada ya yeye kufiwa na mume. Walichokuwa wanampa mgonjwa mwanzoni hakikuwa dawa, dawa hazikuwepo. Walimpa mtu wa kumsikiliza ambaye hatamtangaza. Kutoka huko sisi wa kada ya afya tulijifunza utaratibu ninaoutumia mpaka leo hata kwa marafiki: mwenye jambo ndiye anayechagua mtu wa pili wa kujua. Namwuliza, "Kuna mwingine unataka ajue? Dada yako? Mchungaji? Nimwambie mimi au utamwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu?" Akisema hakuna, basi hakuna.

Ndiyo maana namwambia MkeWaMwalimu kwa upendo kwamba mume wako ni mtu wa pili. Achaguliwe na mwenye jambo.

Na angalieni waliojitangaza. Mwanamuziki Philly Lutaaya mwaka 1989 alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kusema hadharani kwamba ana virusi. Kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, akasema ya kwake mwaka 1992. Walisaidia maelfu kwa sababu waliyasema kwa midomo yao wenyewe. Nimemwona mama ambaye kwaya nzima iliijua siku yake ya kuchukua dawa kabla hajawa tayari. Aliacha kwaya, na kwa muda aliacha na dawa pia. Habari ni ileile, virusi ni vilevile. Tofauti ni mdomo uliotangaza.

#14 SistaBombo
Salaam aleikum wote, mniruhusu kuingia, mimi ni Mwislamu. Uzi huu nimetumiwa na rafiki yangu mlokole.

Huyo jirani wa Owino mnamsifu, na kweli alifanya wema, Mungu amlipe. Lakini msidhani Waislamu ndio tunaojua kunyamaza. Bombo hapa, mji wa kambi ya jeshi, ukipiga chafya afande wa nyumba ya pili anakuambia pole. Huyo jirani alinyamaza kwa sababu hana wa kumwambia! Hayuko kwenye kwaya yenu, hayuko kwenye nigiina yenu ya wanawake kuchangiana, hamjui mchungaji wenu wala mama mkwe wa rafiki yake. Habari ya mtu inasafiri kati ya watu wanaomjua. Angekuwa Mwislamu mwenzake wa msikiti mmoja, sijui kama ingekaa wiki. Mimi mwenyewe mambo yangu mazito anayo huyo mlokole aliyenitumia uzi.

#15 DadaMukono
Dada wa Bombo karibu sana, waleikum salaam. Umenipa la kufikiri. Lakini ukisema hivyo ni kama unasema urafiki wa ndani ya kundi moja hauwezekani, mtu atafute wa nje kila mara. Elisabeti na Mariamu walikuwa ndugu. Mariamu na mimba yake ngumu kueleza alikimbilia kwa ndugu yake, akakaa kama miezi mitatu.

#16 SistaBombo
Ndugu, ndiyo, lakini wa milimani, mbali na kijiji chake. Naijua hadithi hiyo, kwetu Maryam tunamheshimu.

#17 Nakato_Salama
Uganda tulikuwa na ssenga kwa kazi hii. Shangazi upande wa baba, wa ndani kabisa ya ukoo, na mambo ya msichana aliyabeba mpaka kaburini. Kwa hiyo hoja ya SistaBombo haikamiliki. Mtu wa ndani anaweza, akipewa nafasi inayoheshimiwa. Ssenga alijua kwamba akisema, ukoo wote utamwona hafai, na hakuna msichana mwingine atakayeletwa kwake. Kanisani nani anapoteza chochote kwa kutoa siri? Hapotezi kiti wala cheo. Anaendelea kuongoza maombi.

Siku hizi ssenga anakodishwa kwa sherehe, anapewa kipaza sauti, mambo ya chumbani yanasemwa mbele ya majirani na kurekodiwa. Hapo tumepoteza.

#18 KijanaWaBweyogerere
Na anakodishwa kwa bei! Kwanjula ya dada yangu mwaka huu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, ukijumlisha ssenga, magauni ya gomesi ya shangazi na usafiri...

#19 Nakato_Salama
Gomesi zenyewe sasa ni hariri au hazihesabiwi. Mshonaji wangu wa Kiyembe ananiambia wateja wanaleta picha kutoka TikTok.

#20 Nyota_ya_Jinja
Nyie wawili fungueni uzi wa kwanjula, nitakuja na picha. Turudi.

Nataka kuongeza jambo ambalo hakuna aliyelisema, labda kwa hofu. Rafiki yangu alimwambia mama mmoja wa huduma kwamba anadaiwa na mkopeshaji na mume hajui. Jumapili hiyohiyo mchungaji akasimama: "Namwona mwanamke hapa, deni linamkaba, na nyumbani hawajui." Watu wakapiga vigelegele, unabii umeshuka. Rafiki yangu akaganda kwenye kiti. Hakuweza hata kulia. Kanisa silitaji na wala sitalitaja. Lakini nawauliza, yule mama alipompelekea mchungaji habari ile alijiambia anafanya nini? Nina hakika alijiambia anatafuta msaada.

#21 Binti_Kigezi
Hilo limenitia baridi. Na limeharibu mambo mawili kwa pamoja, urafiki na neno la unabii.

#22 Mkatoliki_Masaka
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, ndiyo maana sisi tuna kitubio, kuungama dhambi kwa padri. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema muhuri wa kitubio hauvunjwi, na kanuni nyingine inasema padri akiuvunja waziwazi anajitenga na Kanisa kwa tendo hilohilo. Hawezi kuyaweka kwenye mahubiri, hawezi kumwambia askofu, hawezi kusema hata mbele ya hakimu. Dada wa kwenye seli hana muhuri. Kwa nini mnambebesha mambo ambayo hakuwekwa wakfu kuyabeba?

#23 Muuguzi_Mbarara
Mkatoliki, mimi ni Mkatoliki pia. Soma kanuni hiyohiyo mpaka mwisho. Sehemu yake ya pili inawafunga na wengine: mkalimani kama yupo, na mtu yeyote aliyesikia dhambi kutoka kwenye kitubio kwa njia yoyote. Mama aliyekuwa amepiga magoti foleni akasikia neno, naye ananyamaza. Kanisa halikudhani kwamba kunyamaza ni kipawa cha mapadri tu. Na watu hawana dhambi pekee, wana huzuni, wana hofu ya matokeo ya kipimo, wana mtoto aliyefukuzwa shule. Hayo utampelekea padri yote?

#24 Nakivale_Yetu
Jambo leo. Mimi ni Mkongomani, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Huku tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na Kiswahili ndicho kinatupatanisha. Kanisa letu ni la mabati na miti.

Huku siri siyo aibu tu. Mtu anaweza kukwambia nani alifanya nini kule tulikotoka, na aliyefanya naye yuko kambi hiihii, anachota maji bomba moja nawe. Ukitoa neno, unaweza kumletea mtu kifo. Nilipofika sikumwambia mtu lolote muda mrefu. Halafu nikaona mama mmoja mzee wa kanisa. Kilichonivuta kwake: tulikaa naye tukichambua maharage siku nyingi, na hakuwahi hata mara moja kuniletea habari ya mwingine. Wanawake walikuwa wanaingia kwake wanalia, wanatoka wamefuta macho, na mimi nilikuwa pale nje. Sikuwahi kusikia "yule aliyetoka unajua ana nini?". Nikajua yangu pia yatakaa.

Nawaambia wanaotafuta mtu: anayekuletea ya wengine leo, yako anayapeleka kesho. Hata kama anayaleta akifumba macho na kusema tuombe.

#25 DadaMukono
Mama, asante. Mungu akutunze huko.

#26 Mwalimu_Gulu
Nimesubiri mtu aseme hili, naona hakuna, kwa hiyo nitasema, na nitasema kwa nguvu. Mnasifia kunyamaza kana kwamba kila kilichonyamaziwa ni kitakatifu.

Nafundisha shule ya msingi huku kaskazini. Mtoto wa darasa letu alikuwa anachezewa na baba wa kambo. Alimwambia mama wa shule ya Jumapili, mwanamke mcha Mungu kweli, mwenye sifa ya kutotoa siri. Akamwahidi mtoto kwamba hatamwambia mtu. Akafunga na kuomba kwa ajili yake. Akatimiza ahadi yake karibu muhula mzima, na mtoto akaendelea kurudi nyumba ileile kila jioni. Alikuwa mwaminifu kwa nani huyu?

Mtu wa chini ya miaka 18 akikwambia anaumizwa, hiyo si siri ya urafiki. Unaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au dawati la watoto na familia kituo cha polisi, au unapiga 116, ile laini ya Sauti, haina malipo. Mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC1, naye anaweza kuanzisha, ila kama ni jamaa wa mtuhumiwa, mruke. Sisi walimu, wahudumu wa afya na wa ustawi, mabadiliko ya Sheria ya Watoto ya 2016 yametutaja: ni wajibu wetu kutoa taarifa.

Na mnaopenda mifano ya Biblia, someni Esta sura ya 2 yote. Anaficha kabila lake kwa sababu mlezi wake Mordekai alimwagiza. Sura hiyohiyo, Mordekai anamwambia kuna watumishi wawili wanapanga kumuua mfalme, na Esta anakwenda moja kwa moja kusema, tena anamtaja aliyempa habari. Mwanamke mmoja, mdomo mmoja. Ya kwanza alificha, ya pili alitoa, na katika yote mawili alikuwa mwaminifu.

#27 Binti_Kigezi
Esta sura ya 2 nimeisoma maisha yangu yote na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Ubarikiwe mwalimu.

#28 Muuguzi_Mbarara
Mwalimu yuko sahihi kabisa, na ndiyo maana kazini tunafundishwa tusiahidi kabla ya kusikia. Mtu akikuanzia "niahidi hutamwambia mtu", mjibu: "Nitakutunzia. Lakini ikiwa kuna mtoto anaumizwa, au uhai wako au wa mwingine uko hatarini, nitatafuta msaada, na wewe ndiye wa kwanza nitakayekwambia kabla sijaenda." Wachache watanyamaza na kuondoka. Wengi wanaendelea, na wanaendelea wakiwa wametulia, kwa sababu wanajua mpaka uko wapi.

#29 DadaMukono
Na mtu mzima? Rafiki anapigwa na mume, amenikataza nisiseme. Nauliza kwa sababu kisa cha mwanamke wa Owino hakiko mbali na hapo.

#30 Nakato_Salama
Nimefanya kazi za msaada wa sheria. Mtu mzima ana uamuzi wake. Sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2010 inaruhusu malalamiko yapelekwe hata mahakama ya LC ya mahali anapoishi, si lazima mjini. Mwambie njia zipo, ukae naye, umtunzie nakala za vitambulisho na nguo za watoto kwako. Ukimwendea mume wake au mchungaji bila yeye kujua, unaweza kumzidishia kipigo usiku huo. Ila ukisikia anapiga kelele za kuuawa, hapo huulizi ruhusa, unaita watu.

#31 Mwalimu_Gulu
Hapo katikati sikubaliani kabisa. Tumezika wanawake huku ambao marafiki zao walikuwa "wanaheshimu uamuzi wake". Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ningemwendea kaka yake.

#32 Nakato_Salama
Kaka ambaye alikula mahari na hana ya kurudisha? Mwalimu, nimewaona wakimrudisha dada yao kwa mume jioni ileile.

#33 Mwalimu_Gulu
Kaka wako namna nyingi.

#34 MkeWaMwalimu
Nimerudi. Mmenisema sana, nimesoma yote, sijachukia. Lakini Maandiko mnayachagua. Kama mke ana mambo ambayo mume hayajui, mnafungua mlango ambao hamtaweza kuufunga.

#35 Binti_Kigezi
Mama, 1 Samweli 25. Abigaili alipakia punda mikate na divai, akamwendea Daudi, akaokoa nyumba nzima, na mumewe Nabali hakuambiwa neno dogo wala kubwa mpaka kulipokucha.

#36 MkeWaMwalimu
Nabali alikuwa amelewa! Na kulipokucha si alimwambia? Umenipa andiko la upande wangu.

#37 Binti_Kigezi
Hahaha, hapo umenishika. Nabali aliposikia moyo wake ukafa ndani yake, baada ya siku kama 10 akafa kweli. Mume wako mwalimu mtunze tu.

#38 Mzee_wa_Malaba
Binti wa Kigezi na MkeWaMwalimu, ningekuwa na redio ningewapa kipindi.

#39 Akello_Lira
Samahani naingia mwisho, nimesoma kuanzia #1. Nina swali ambalo halijaguswa. Rafiki yangu wa karibu sana, tulibatizwa pamoja, amefariki. Kabla ya hapo aliniambia baba halisi wa mwanawe wa kwanza ni nani. Si yule aliyemlea. Mtoto sasa ni kijana mkubwa, yuko chuo, amesikia minong'ono kwenye ukoo na amekuja kwangu kuniuliza. Aliyemlea bado yuko hai na anampenda. Nifanye nini?

#40 Mzee_wa_Malaba
Pole sana mwanangu. Mwenye siri amekwenda nayo. Usimfufue kwa jambo hili. Mwache kijana ana baba.

#41 Muuguzi_Mbarara
Pole Akello. Mimi ningeanza na aliyemlea, huenda anajua siku zote. Nimeona wanaume wengi wanaojua na wameamua kupenda. Na kijana ana haki ya kujua damu yake, kuna magonjwa ya ukoo, kuna kuoa ndani ya ukoo bila kujua.

#42 Mwalimu_Gulu
Akello, nikuulize jambo moja. Alikwambia umfiche mtoto, au alikwambia tu?

#43 Akello_Lira
Alisema, "Wewe ujue, maana mimi naweza nisiwepo." Hakusema nimfiche. Hakusema pia nimwambie.

#44 Nakivale_Yetu
Dada, mtu haachi neno namna hiyo kwa mtu mmoja kama alitaka lipotee. Alikuachia lifike kwa mtoto siku atakapouliza. Ndiyo hiyo ameuliza.

#45 Mzee_wa_Malaba
Au alikuwa anatua mzigo tu, alitaka mtu mmoja duniani amjue alivyo kabla hajaondoka. Sisi wazee tunafanya hivyo. Haimaanishi alikutuma.

#46 DadaMukono
Akello, tuko nawe. Kijana anarudi lini kuulizia?

#47 Akello_Lira
Likizo ya Pasaka. Bado sijampa jibu, nimemwambia nipe muda niombe. Nitawaambia.